Ukweli wa Ile Klipu ya Manati Kigamboni: Kwa Nini Nilimgomea Staa wa Laki Tano

Najua wengi mmekuja hapa kwa ajili ya ile klipu ya sekunde 19. Ile ninayoonekana nimenyoosha mkono namwambia jamaa, "Chukua gololi zako uondoke." Nimetukanwa wiki nzima. Mara nina wivu, mara natafuta kiki kwa jina la watu, mara "huyu blogu yake ina wasomaji kumi anamfukuza mtu wa mamilioni." Sawa. Leo naweka stori nzima, kuanzia mwanzo. Jina la staa kapuni, na litabaki kapuni mpaka mwisho, kwa hiyo kama umekuja kutafuta jina unaweza kurudi ulikotoka.

Ilianza kijiweni, pale kwa fundi simu. Mnakumbuka Julai 2024, Olimpiki ya Paris, yule mjomba wa Uturuki, Yusuf Dikeç? Wenzake wamevaa miwani ya ajabu kama roboti, yeye kaja na tisheti, miwani yake ya kawaida, mkono mmoja mfukoni, anapiga bastola ya upepo kama anamsubiri muuza kahawa. Akaondoka na medali ya fedha pamoja na mwenzake Şevval İlayda Tarhan. Alikuwa na miaka 51! Mitandao yote ikawa ni yeye. Kila mtu kaweka picha yake kwenye statasi.

Sasa mshikaji mmoja pale kijiweni, tumwite Mjuaji kwa sababu ndivyo alivyo, akasema: "Kwani nini pale? Mita kumi tu, hata mimi napiga." Nikamwonyesha kwenye simu kwamba duara la katikati kwenye bastola ya upepo lina upana wa milimita 11.5, na kwenye bunduki ya upepo ile nukta ya kumi ni nusu milimita. Nusu! Yaani kitu cha kuchoma na sindano. Mjuaji hakutetereka. Fundi simu akamjibu bila kuinua kichwa: "Wewe hata manati huwezi."

Hapo ndipo kelele zilipoanza. Kila mwanaume pale kumbe alikuwa bingwa wa manati utotoni. Huyu alikuwa anaangusha maembe kwa kikonyo, huyu alikuwa anapiga chanikiwiti akiwa anaruka. Dada mwenye saluni ya jirani akatoka na kitana mkononi akasema na yeye alikuwa anawashinda kaka zake. Mimi nikaropoka: "Basi tufanye mashindano, nitaandaa mimi." Mdomo wangu huu.

Kwa nini manati na siyo bunduki

Kuna mtu aliniuliza inboksi kwa nini hatukutafuta bunduki za upepo kama Olimpiki. Ndugu yangu, silaha hapa nchini zina sheria yake, ile ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Humiliki bunduki kwa sababu umeona memu. Na hata kama ingeruhusiwa, hela tungetoa wapi? Manati ni panda ya mpera, vipande viwili vya tyubu, na ulimi wa kiatu cha zamani. Kila mtu anaweza kuwa nayo.

Ila nilitaka iwe na mpangilio, isiwe fujo ya kurusha mawe. Nikakesha nasoma mambo ya walenga shabaha wa nchi za watu. Nikakutana na mchezo mmoja uliotokea Mexico, wa kupiga wanyama wa bati. Wanapanga kuku, nguruwe, bata mzinga na kondoo, wote wamekatwa kwa chuma. Kwa bunduki kubwa kuku anakaa mita 200, nguruwe 300, bata mzinga 385 na kondoo 500. Kwa bunduki ndogo ni 40, 60, 77 na 100. Na sheria yake tamu: kumgusa hakuhesabiki. Lazima aanguke. Akitikisika tu akabaki amesimama, umekosa.

Nikasema hii ndiyo yenyewe. Sisi tukatengeneza wanyama wetu wadogo: njiwa mita 7, kanga mita 10, sungura mita 13, digidigi mita 15. Watano watano kila aina, mpigaji ana vidonge 20, kila mnyama anapigwa mara moja tu. Fundi wa kuchomelea alitukatia kwenye madebe ya mafuta ya kula, akawawekea miguu ya bati iliyokunjwa ili wasimame juu ya ubao. Digidigi wetu alitoka kama mbuzi mwenye mawazo, lakini poa.

Watu 17 walijiandikisha, kila mtu 3,000. Jumla 51,000. Mchele kilo 10 wa zawadi, 30,000. Miwani ya mafundi sita, 18,000. Ikabaki 3,000 ikaishia kwenye maji. Sikubaki na hata mia, nasema hivi kwa wale wanaosema nimepiga hela.

Mahali tulipata Kigamboni, kiwanja cha mjomba wa mmoja wetu, hakijajengwa. Nilikipenda kwa sababu nyuma yake kuna kifusi kikubwa cha udongo, kimepita urefu wa mtu. Kidonge kikikosa shabaha kinazama pale. Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa kuomba ruhusa. "Shikamoo mwenyekiti." "Marahaba. Mashindano ya nini?" "Manati." Akaniangalia muda mrefu. "Mna watoto?" "Hapana mzee, watu wazima." Akacheka mpaka akavua kofia. Halafu akaniuliza swali moja la maana: "Kioo cha mtu kikivunjika nani analipa?" Nikaandika jina langu na namba ya simu kwenye daftari lake.

Gololi na rimu

Hapa kwenye risasi ndipo kwenye kiini cha stori, kwa hiyo msiruke.

Wengi walitaka gololi za chuma, zile za beringi, kwa sababu ni duara safi na zinaenda moja kwa moja. Ni kweli zinalenga vizuri kuliko jiwe. Jiwe lina pembe, likiwa hewani linajipindia linakotaka. Lakini nilizijaribu gololi nikiwa peke yangu siku tatu kabla. Nilipiga digidigi wa bati, ile gololi ikagonga, ikarudi, ikapita pembeni ya sikio langu na kugonga ukuta wa choo nyuma yangu. Niliisikia ilivyolia inapita. Nikakaa chini.

Kwa hiyo tukatumia vidonge vya udongo. Unachukua mfinyanzi, unafinyanga kidonge saizi ya gololi kubwa, unaanika juani siku tatu nne. Kikigonga bati kinapasuka na kuwa vumbi. Hakirudi kizima. Nilifinyanga 400 na mdogo wangu, usiku, uani, mikono yote imejaa udongo.

Sasa mdogo wangu. Sijawahi kumwandika hapa.

Nilikuwa na miaka 11, darasa la tano. Yeye ana miaka 8, darasa la pili. Jumamosi moja tuliingia shuleni kwa siri. Kengele ya shule ilikuwa rimu ya lori imening'inizwa kwenye mwembe, na mimi nilitaka kuipiga kwa manati ili ilie. Jiwe la kwanza likakosa. La pili likaipata, ikalia vizuri kabisa, ngoo, na mimi nikashangilia nimeinua mikono. Nilipogeuka mdogo wangu alikuwa amekaa chini kashika uso. Halii. Jiwe lilikuwa limerudi na kumpata jicho la kushoto. Mpaka leo jicho lile linaona mwanga na kivuli tu.

Nyumbani walijua, sikuficha. Nilichapwa, halafu ikaisha. Ndiyo tatizo lenyewe, iliisha haraka mno. Mama hakuwahi kuitaja tena, na yeye mdogo wangu hakuwahi kuitaja. Mimi nilibaki nayo. Sikushika manati tena mpaka mwaka huo wa mjomba wa Uturuki.

Alipojiandikisha kuwa namba 11 kwenye orodha nilimwambia siyo lazima. Akaniambia, "Kaka, elfu tatu yangu siyo hela?"

Ndiyo maana sheria namba moja kwenye karatasi niliyobandika ilikuwa miwani. Mpigaji miwani, mwamuzi miwani, wapigaji wawili tu kwa wakati mmoja. Wengine wote hatua 15 nyuma ya kamba. Hakuna anayevuka kamba kuinua wanyama mpaka filimbi ilie na manati zote ziwe chini.

Jumapili yenyewe

Tulianza saa nane mchana. Aisee ilikuwa raha. Mjuaji alipanda wa kwanza kwa mbwembwe, mkono mmoja mfukoni, akakumbuka kwamba manati inahitaji mikono miwili. Aliangusha watatu kati ya 20. Watatu! Fundi simu alipata tisa bila kusema neno. Dada wa saluni alipata 11 na kucha zake ndefu zile, akawa anaongoza.

Kulikuwa na mama mmoja anauza mihogo ya kukaanga pembeni, mtu wa makamo, kafuata kelele zetu na karai lake. Alikaa akiangalia watu kama saa nzima. Mwishowe akaniita: "Mwanangu, na mimi nikitoa elfu tatu nacheza?" Tayari tulikuwa 17, lakini jamaa mmoja alikuwa amepigiwa simu na bosi wake akaondoka bila kupiga, kwa hiyo nikampa nafasi yake bure. Akafuta mafuta mikononi kwa khanga, akavaa miwani, akavuta tyubu mara mbili bila kidonge kuipima. Halafu akaanza. Njiwa watano, wote chini. Kanga wanne. Watu wakaacha kuongea. Alimaliza na 13.

Tukamzunguka kumuuliza. Akasema yeye ni wa Dodoma, utoto wake wote aliumalizia kwenye mtama, anawafukuza kweleakwelea. Wale ndege wanakuja kundi kubwa kama wingu, wakitua shambani jioni hamna kitu. "Sisi tulikuwa na kombeo na manati tangu alfajiri. Ukilala, mnalala njaa mwaka mzima." Akarudi kwenye karai lake maana muhogo ulikuwa unaungua.

Kama siku ingeishia hapo ningeandika stori nyingine kabisa, na ingekuwa nzuri.

Staa anaingia

Hapa nakiri kosa langu. Wiki moja kabla, meneja wa msanii mmoja alinipigia. Alisikia kupitia dereva bodaboda mmoja wa kwetu. Akasema staa wao anataka kuja, apige manati kidogo, warekodi, na atatoa laki tano kudhamini. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Nilikuwa nadaiwa kodi ya miezi miwili. Nikawatangazia watu wote kwamba kuna mgeni wa heshima. Sikumwambia sharti hata moja.

Alifika saa kumi, gari mbili, watu kama nane, kamera. Watu wakashangilia, mimi mmojawapo. Ana manati ya kununua, ya kisasa, na mfuko wa gololi za chuma. Nikampa miwani. Akaicheka. "Bro, hii mimi sivai. Sura hii ndiyo inanilipa." Nikamwambia gololi hatutumii, tuna vidonge. Akasema vidonge havitaonekana kwenye kamera.

Halafu akainua macho akaona njiwa wametua kwenye waya wa umeme juu ya barabara. Njiwa wa kweli. Akasema, "Achana na mabati. Napiga wale, ndiyo watu watashangaa."

Nikamwambia hapana, kule kuna barabara, kuna nyumba. Mzee anayelinda kile kiwanja akaongezea kwamba ndege wa porini hawapigwi bila kibali, na kweli, iko kwenye Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Meneja akanivuta pembeni. Akatoa bahasha. "Dogo, sekunde kumi tu. Apige moja, tunaondoka, hii hapa yako."

Wadau, siwadanganyi. Nilikubali. Nilirudi pale nikaanza kuwasogeza watu nyuma. Nikamwambia dada wa saluni, "Sogea kidogo, anapiga moja tu." Alinitazama hivi. Nilikuwa nahesabu kodi kichwani.

Staa akaanza kulenga waya, hana miwani, gololi ya chuma kwenye ngozi. Akamwona mdogo wangu pale mstarini, amevaa miwani yake, anasubiri zamu iendelee, manati mkononi. Akamtania: "Oya dogo, nilikuona unapiga hufumbi jicho. Unajifanya Mturuki?"

Maana yule Dikeç anapiga macho yote mawili wazi, kila mtu alikuwa anajua.

Mdogo wangu akasema tu, kawaida, bila hasira: "Hili la kushoto lilishafumbwa na kaka."

Wengine walicheka wakidhani ni utani. Mimi sikuweza. Nikaenda nikasimama mbele ya yule staa nikanyoosha mkono. Nikamwambia hapigi mtu hapa bila miwani, na gololi za chuma hazipigwi. Akasema, "Unajua unaongea na nani?" Nikasema najua. Nikamrudishia meneja bahasha. Ndipo nikasema ile sentensi mliyoisikia. Sauti ilikuwa kali, nakiri. Sikuwa namkaripia yeye peke yake.

Wakaondoka. Klipu inaanzia kwenye mkono wangu na kuishia kwenye neno "uondoke." Hayo mengine yote walikata.

Tulimaliza na watu wachache, wengine waliondoka kwa hasira kwamba nimewafukuzia staa. Mdogo wangu alipiga wa mwisho, akapata sita. Mama mihogo akabeba mchele wake kichwani, karai mkononi, akatuuzia mihogo iliyobaki kwa bei ileile, hakupunguza hata mia.

Kwenye pantoni

Usiku tulirudi na pantoni mimi na mdogo wangu. Tumesimama kwenye chuma pale mbele, upepo wa bahari, Magogoni inawaka taa. Hatuongei. Mwishowe nikamwambia samahani. Sijawahi kumwambia, miaka yote hiyo. Nilichapwa, nililia, lakini neno lenyewe sikulisema.

Akakaa kimya kidogo. Akasema, "Mimi nilikusamehe nikiwa la tatu, kaka. Wewe ndiyo umechelewa." Halafu baada ya muda: "Ila ile laki tano, ungepokea kwanza ndiyo umfukuze."

Kodi bado nadaiwa. Mwenye nyumba ameiona klipu, yeye ndiye pekee aliyesema nimeigiza vizuri.

Kwa wanaotaka kuandaa ya kwao

Mmeniuliza wengi, kwa hiyo chukueni hii bure:

1. Tafuta kingio kwanza, watu baadaye. Kifusi cha udongo kirefu kuliko mtu. Ukuta wa tofali haufai, unarudisha.
2. Vidonge vya udongo mkavu. Chuma kwa chuma, usithubutu.
3. Miwani siyo pambo. Mtu akikataa miwani, mrudishie hela yake.
4. Kamba, filimbi, na mtu mmoja tu mwenye sauti ya mwisho.
5. Kagua tyubu kila mzunguko. Ikiwa na ufa itakatika na kukurudia usoni.
6. Mwenyekiti wa mtaa ajue. Andika namba yako.
7. Hela ya mdhamini isiingie kabla masharti hayajaingia. Hili nimelilipia mwenyewe.

Mzunguko wa pili unakuja, mama mihogo ameshasema anatetea taji, na Mjuaji anasema siku ile upepo ulimwonea. Tupia komenti hapo chini kama unataka nafasi, au kama na wewe una samahani uliyochelewa kuisema. Ila ukitaja jina la staa nafuta, usije ukalia.